Miaka Kumi Isiyo na Jicho Juu ya Bahari

Oktoba 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-7, ikiwa imebeba CZCS, kifaa cha kwanza kuundwa mahususi kupima rangi ya bahari kutoka angani. Msingi wake ni mwepesi. Fitoplanktoni, mimea midogo mno ielelayo majini na ambayo ndiyo chanzo cha chakula cha samaki, ina klorofili. Klorofili hufyonza mwanga wa buluu, hivyo maji yenye mimea mingi huelekea ukijani.

Kwa jicho hilo misimu ambayo manahodha wetu waliijua kwa upepo ilionekana kwa rangi. Kusi inapovuma, Juni hadi Septemba, maji ya juu husukumwa mbali na pwani za Somalia na Oman, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini, na bahari hugeuka kijani. Kaskazi nayo hupoza na kuyachanganya maji ya Bahari ya Arabuni upande wa kaskazini, na mimea huongezeka tena.

CZCS ilikoma 1986. Kwa miaka kumi hakikurushwa kifaa cha kushika nafasi yake. Cha Wajapani kiliruka 1996, kikanyamaza kabla ya kutimiza mwaka. SeaWiFS ikafuata Agosti 1997, nayo kwa mkataba ambao NASA ilinunua takwimu kutoka kampuni binafsi. Ujuzi ulikuwapo tangu 1978. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa kisiasa.

Wanafunzi wangu huniuliza hasara iko wapi. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia takwimu za 1997 hadi 2004: fitoplanktoni ya majira ya kusi magharibi mwa Bahari ya Arabuni inaongezeka, tena kwa kasi. Mwaka 2016 watafiti wengine, wakitazama kipindi kirefu zaidi, walisema kinyume: magharibi mwa Bahari ya Hindi imepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita. Siwatuhumu wa kwanza. Walisoma walichokuwa nacho, na rekodi yao ilianza katikati ya El Niño ya 1997. Isitoshe, mawingu ya kusi huifunika bahari wakati uleule inapokuwa kijani zaidi.

Afisa wa uvuvi anayepanga idadi ya leseni atumie jibu lipi? Takwimu za tangu 1997 hupakuliwa bure, hata kutoka chumba cha mwanafunzi. Za miaka kumi ile hazipo popote.