Sinema za Ubaguzi wa Rangi: Kuzitazama Pamoja na Watoto Wetu

Kwa ninyi mlio darasani, mwalimu wenu aandike ubaoni maneno mawili: ubaguzi, tena sinema. Yasomeni polepole, silabi kwa silabi. Haya, vizuri. Leo tutayasoma maneno hayo pamoja.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, ilipokaribia tarehe 16 Juni, ambayo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, niliwakusanya vijana wa sekondari katika ukumbi mmoja hapa Tunduma. Nikawaonyesha picha iitwayo Sarafina!, iliyotengenezwa mwaka 1992. Picha hiyo inahusu wanafunzi wa Soweto, katika Afrika ya Kusini. Wanafunzi hao waliandamana tarehe 16 Juni 1976, maana Serikali ya makaburu iliwalazimisha kusoma baadhi ya masomo yao kwa Kiafrikaans, lugha ya wale waliowatawala. Polisi wakawapiga risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliokufa siku ile, alikuwa na umri wa miaka 12.

Basi, askari katika picha walipoanza kufyatua bunduki, vijana wa viti vya nyuma wakapiga makofi na miluzi. Walishangilia kama wanavyoshangilia picha za mapigano katika vile vibanda tunavyoviita vibanda umiza. Nikapandwa na hasira. Nikazima mashine, nikawagombeza, nikawaambia watoke wote. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amemleta mjukuu wake, alibaki ameketi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, uliwaambia kwamba watu hawa walikufa kweli?"

Sikuwa nimewaambia. Nilifikiri picha itajieleza yenyewe. Lakini kijana wa miaka kumi na minne ameona mamia ya watu wakiuawa kwenye kioo, na wote huinuka tena katika picha nyingine. Atajuaje kwamba hawa hawakuinuka?

Tangu siku ile nimesoma upya habari za sinema katika nchi zetu, nikaona kwamba picha zenyewe zilibaguliwa hapa hapa kwetu. Watoto wetu wanapotazama ubaguzi wa Afrika ya Kusini au wa Marekani, hudhani ni mambo ya mbali. Sivyo.

Mwaka 1935 palianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kazi iliyoitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Baraza la kimataifa la wamisheni ndilo lililoisimamia, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Kiongozi wa utengenezaji wa picha alikuwa Meja Notcutt, Mzungu aliyewahi kusimamia shamba la mkonge. Kwa muda wa miaka miwili walitengeneza picha fupi zipatazo 35, juu ya afya, kilimo, kodi, na kuweka akiba. Katika picha moja mfanyakazi anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anauchukua; mwenzake anaweka fedha zake Posta na zinasalimika. Lori lilibeba mashine na sahani za santuri zenye maelezo, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, jirani zetu wa hapo Nakonde.

Sitaki kuwadharau watu wale. Safura na mmomonyoko wa ardhi vilikuwa maadui wa kweli, na kufundisha kwa picha ni jambo jema. Hata mimi ndiyo kazi yangu. Walakini palikuwa na fikira mbaya chini ya kazi ile. Wengi wa wakubwa wa sinema wa siku hizo waliamini kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata picha inayokwenda upesi, hivyo lazima atengenezewe picha za polepole na nyepesi, kama uji wa mtoto. Tena waliogopa. Mwafrika akimwona Mzungu katika picha akiiba, akilewa au akipigwa, je, atamheshimu Bwana Shauri kesho asubuhi? Kwa sababu hiyo wakaguzi wa Serikali walipanga picha ipi ionwe na watu wote, na ipi Mwafrika asiione. Hebu fikirini: mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayelipa kodi, anaambiwa kwamba picha hii haikufai kwa sababu ya ngozi yako.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wa watazamaji hao. Katika miaka ya 1950 alivuka mpaka hapa Tunduma pamoja na vijana wengine wa Mbozi, akaenda Kitwe kufanya kazi katika migodi ya shaba. Huko, katika makambi ya wafanyakazi, walionyeshwa sinema uwanjani usiku. Wakaguzi walikata vipande walivyoviona vya hatari, lakini picha za wachunga ng'ombe wa Marekani ziliruhusiwa, na watu walizipenda kupita kiasi. Shujaa wa picha hizo, awaye yote, walimwita Jeke. Babu aliweza kumwigiza Jeke akipanda farasi, nasi wajukuu tulicheka mpaka machozi.

Habari za Jeke alitusimulia mara mia. Habari nyingine alinisimulia mara moja tu, nami nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima. Tulikuwa tukitazama televisheni, picha ya Afrika ya Kusini, na mtu mweusi alikuwa akifukuzwa dukani. Babu akaacha kutazama kioo. Akasema kwamba kule Rhodesia ya Kaskazini, katika maduka mengi ya Wazungu, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ukutani palikuwa na kidirisha. Ulisimama nje, juani au mvuani, ukapitisha fedha zako mle, ukasubiri wateja Wazungu waishe, kisha ukasukumiwa kifurushi cha nyama ambacho hukukichagua. Ukikifungua ukakuta mifupa, huna pa kulalamika. Babu alisema, "Nilikuwa na nguvu za kuvunja mwamba, lakini mkono wangu ulitetemeka pale kidirishani." Kisha akanyamaza, akaomba chai.

Jambo hili si la babu peke yake, limo katika historia. Katika miaka hiyo ya 1950 Waafrika wa kule waligomea maduka ya nyama kwa ajili ya vidirisha hivyo. Kenneth Kaunda, mzaliwa wa Chinsali, ambaye mwaka 1964 alikuwa Rais wa kwanza wa Zambia, aliacha kula nyama kwa sababu ya mgomo huo.

Nalijiuliza mara nyingi kwa nini babu hakutuambia mapema. Nadhani aliona haya, ingawa haya haikuwa yake. Ilihitaji picha ya watu wengine ili kumfungua kinywa. Kwa sababu hiyo nawaomba ninyi wazee mketi pamoja na watoto wakubwa wanapotazama picha hizi, msiwaachie peke yao. Msiseme, "Mimi sikusoma." Mnajua jambo ambalo mtengeneza picha hakulijua.

Kabla ya kuiwasha mashine, waambieni watoto ni nchi gani, ni mwaka gani, na kama habari ni ya kweli au ya kutungwa. Tena waambieni ilitengenezwaje, maana mara nyingine habari hiyo hushinda picha yenyewe. Mwaka 1951 ilitoka picha ya Cry, the Beloved Country, kutokana na kitabu cha Alan Paton, juu ya mchungaji mweusi anayemtafuta mwanawe Johannesburg. Waigizaji wawili weusi, Canada Lee na Sidney Poitier, walitoka Marekani. Sidney Poitier alisimulia baadaye kwamba, ili waruhusiwe kuingia Afrika ya Kusini, mwongozaji wa picha aliwaandikisha kama watumishi wake. Walikwenda kuigiza picha ya kupinga ubaguzi, nao mlangoni wakabaguliwa! Mwaka 1959 ilitoka Come Back, Africa. Hiyo ilipigwa kwa siri mle mle Johannesburg, na waliopiga picha waliwadanganya wakubwa kwamba wanapiga picha ya muziki. Miriam Makeba, alipokuwa bado kijana, anaimba ndani yake.

Na kwetu je? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika ya Kusini ilitengeneza picha za Kiswahili huku Tanganyika. Katika moja, Muhogo Mchungu, mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa Serikali, Rashidi Kawawa. Mwezi Januari 1962 kijana huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Mwezi huo huo, mgeni mmoja alishuka kwa ndege ndogo pale Mbeya, ambao mkoa wetu wa Songwe ulikuwa sehemu yake hadi mwaka 2016. Alikuwa Nelson Mandela, ametoka kwao bila ruhusa ya makaburu. Ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba katika hoteli ya Mbeya aliwaona weusi na weupe wakizungumza pamoja barazani, naye hakuwa amewahi kuwa mahali pa watu wote pasipo na ubaguzi wa rangi. Jambo lililomshangaza mtu mkubwa kama yule lilikuwa hapo jirani, mwendo mfupi kutoka Vwawa. Watoto wetu hupita Mbeya kila siku kwa basi, wala hakuna anayewaambia.

Mwaka uliofuata niliwaita tena vijana wale, na bibi yule nilimwomba akae mbele. Safari hii nilianza kwa kusimulia, nikawatajia Hector Pieterson na umri wake, nikawaeleza juu ya kidirisha cha Kitwe. Kisha nikawasha mashine. Bunduki zilipoanza kulia hakuna aliyepiga makofi. Picha ilipokwisha, msichana mmoja wa kidato cha pili alinyosha mkono. Akauliza, "Yule polisi mweusi aliyekuwa upande wa makaburu, nyumbani kwake aliwaambiaje watoto wake?" Nilimtazama bibi, naye akanitazama mimi.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aandike mistari mitano juu ya jambo ambalo hajawahi kumsimulia mtoto wake. Asiyeweza kuandika mitano aandike miwili. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma habari za reli ya TAZARA. Kwaherini.