Ujira wa Mwokozi

Tangu zama za majahazi, sheria ya bahari ilipambanua baina ya mali na roho kwa namna ya ajabu: nahodha aliyeiokoa shehena ya mwenziwe alistahiki ujira, bali aliyeopoa watu tu, bila ya kitu kingine, hakuwa na dai juu yao, na Mkataba wa Brussels wa 1910, uliomlazimu kila nahodha kumsaidia anayekaribia kuangamia baharini, ulitamka pia kwamba waliookolewa hawadaiwi kitu. Hukumu hiyo haikuwa ngeni mwambaoni, ambako kumwokoa anayezama ni faradhi ya kifaya na wala hakuna mvuvi mwenye murua angeidai thamani ya roho. Lakini faradhi hailipi mafuta ya mashine, wala hairudishi usiku wa kuvua uliopotea.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikielekea Pemba na abiria kupita kiasi chake, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Wavuvi na wenye boti za watalii wakawa miongoni mwa waliotoka kuwaopoa watu walioshikilia magodoro, hata waliosalimika wakazidi 600, katika maji ambayo nguvu yake iliwashinda baadaye wazamiaji walioletwa kutoka Afrika Kusini.

Bukoba nako, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na zana zao zilikuwa makasia na kamba. 24 walitoka hai, 19 wakafariki. Mvuvi mmoja, Majaliwa Jackson, alitunukiwa shilingi milioni 1, na Rais Samia akaamuru aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hidaya ile ilikuwa ya haki, ila hidaya humfikia mmoja aliyeonekana, ilhali mitumbwi iliyotoka asubuhi ile ilikuwa mingi.

Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda raia wa akiba wanaoitwa na FEMA, idara yake ya dharura, wakati wa maafa, wasipoteze ajira walizoziacha. Mvuvi wetu hana mwajiri wa kumfukuza, na kwa sababu hiyohiyo sheria ya Tanzania ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008, iliyotungwa kwa ajili ya waajiriwa, haimfikii akivunjika mkono akiokoa. Lakini vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, viitwavyo BMU, vipo katika mialo na madiko. Hapo ndipo pa kuwaandikisha waokoaji, kuwafunza, na kuwalipa mafuta na majeraha yao.