Breki za Mafuta Zilizofia Nakuru

Historia ya baiskeli huku Bonde la Ufa ina wahusika wake wa kila siku. Kuna Black Mamba, kuna boda boda, kuna wale vijana wa mashindano wanaopita barabara ya Naivasha asubuhi wakiwa wamevaa nguo za kubana. Breki nadra kutajwa. Ni ajabu kidogo, maana huku kwetu kupanda ni suala la miguu tu, kushuka ndiko kunakoua.

Nakuru mjini tuko kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Molo wako karibu mita 2,500. Mtu akitoka huko na gunia la viazi kwenye keria, anashuka zaidi ya mita 600 kabla hajafika sokoni. Anayetoka Nyahururu ana mteremko wa Subukia wa kumaliza kwanza. Na hata wasiojua baiskeli wanajua majina ya Salgaa na Sachangwan, ambako malori yalizoea kuachiliwa bila gia ili kuokoa mafuta, na ambako alfajiri ya Desemba 31, 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa hivyo mtu wa hapa akikuuliza kama breki inashika, haulizi kwa adabu tu.

Nataka kuzungumzia aina moja ya breki ambayo imepita mjini hapa bila mtu kuiaga. Lakini haieleweki bila kuanza na ile iliyoitangulia.

Black Mamba halikuwa jina la kampuni. Ni jina tulilozipa baiskeli nyeusi nzito za mtindo wa Kiingereza, zikiwemo zilizotoka kwa Raleigh wa Nottingham na baadaye zile za India kama Hero na Avon. Breki zake hazina waya. Ukivuta mkono wa breki, fito za chuma ndizo zinazosukumana na kuvutana mpaka chini, zinainua chuma chenye umbo la herufi U, na mipira miwili inabana rimu kwa ndani, upande unaotazama spoki. Ni kazi safi. Fito haikatiki kama waya, na ikipinda unainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Fundi yeyote kuanzia Gilgil hadi Londiani angeitengeneza akiwa anapiga story.

Ubaya wake ni mvua. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, mpira unateleza tu. Unavuta breki na baiskeli inaendelea na safari zake. Nina mjomba aliyekuwa akileta maziwa mjini kutoka upande wa Bahati, mitungi miwili ubavuni na mmoja juu. Muundi wake wa kulia una kovu refu la Aprili moja ya mvua. Yeye, kama wengi wa rika lake, alikuwa na breki ya pili isiyouzwa dukani: soli ya akala aliyoibana juu ya tairi la nyuma. Akala ni mpira wa tairi la gari. Mpira juu ya mpira unashika kuliko mpira juu ya kromu. Shika hilo neno, kushika, maana hadithi yote iko hapo.

Sasa twende Ujerumani kidogo. Katika mji mdogo wa Bad Urach kuna kampuni iliyoanzishwa mwaka 1893 na Gustav Magenwirth. Ukiunganisha mwanzo wa jina lake la ukoo na mwanzo wa jina la mji unapata Magura. Walitengeneza mikono ya klachi na breki za pikipiki kwa miaka mingi, na mwaka 1987 wakaleta breki ya haidroliki ya rimu kwa baiskeli. Hawakuwa wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Mmarekani Bill Mathauser alikuwa ameshajaribu breki ya mafuta miaka ya 1970. Lakini ya Wajerumani ndiyo iliyoishi.

Inafanya kazi hivi. Ndani ya mkono wa breki kuna pistoni ndogo. Ukivuta, inasukuma mafuta kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye silinda mbili zilizofungwa huku na huku kwenye fremu, zikitazamana. Kila silinda inatoa pistoni yake, na pistoni inabana rimu kutoka pembeni. Hakuna waya wa kushika kutu, hakuna fito. Mafuta hayanyooki kama waya, kwa hivyo nguvu ya kidole chako inafika karibu yote. Baadaye zikaja zile zilizoitwa HS11 na HS33. HS33 utaitambua kwa kiparafujo chekundu kwenye mkono, cha kusogeza mipira karibu na rimu inapolika.

Wajerumani walizifunga kwenye baiskeli za kwenda kazini na za safari ndefu. Watu waliozipenda kwa wazimu, hata hivyo, walikuwa wengine kabisa.

Kuna mchezo unaoitwa trayali. Hakuna mbio. Mchezaji anapewa njia ya mawe, magogo, kuta, na anatakiwa kupita akiwa juu ya baiskeli bila mguu kugusa chini. Mguu ukigusa, unahesabiwa kosa. Ulitoka kwenye pikipiki. Huko Katalunya, Uhispania, Pere Pi, aliyekuwa mtu wa pikipiki za Montesa, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kufanyia mazoezi ya pikipiki. Mtoto akakua akawa bingwa wa dunia wa baiskeli zenyewe. Baiskeli za mchezo huu hazina kiti cha maana, nyingine hazina kabisa, maana hakuna anayeketi. Mchezaji anasimama juu ya gurudumu la nyuma peke yake na kurukaruka nalo kama mbuzi wa Menengai, kutoka jiwe hadi jiwe.

Fikiria sasa breki ya nyuma inatakiwa ifanye nini. Breki ya kawaida inapunguza mwendo. Hii inatakiwa kuligeuza gurudumu kuwa mguu. Ukiivuta, gurudumu lisisogee hata upana wa kucha, mtu mzima akiwa juu yake kwenye ukingo wa ukuta wa mita moja na nusu. Ukiiachia, liwe huru papo hapo. Hapo ndipo rimu ilipoishinda diski kwa miaka mingi. Diski ya milimita 160 inashikwa karibu sentimita 7 kutoka katikati ya gurudumu. Rimu ya inchi 26 inashikwa kama sentimita 27 kutoka katikati. Ni ile hesabu ya kufungua nati iliyogoma: ukichukua spana ndefu, inafunguka.

Na hata hivyo haikuwatosha. Breki ilikuwa na nguvu mpaka inapanua fremu, kwa hivyo wakafunga bamba lenye umbo la kiatu cha farasi kuzizuia silinda zisiachane. Kisha wakachukua grainda na kuikwaruza rimu mpya, makusudi, iwe na meno. Wengine wakapaka lami. Ndiyo, lami, hii ya barabara, kidogo tu kwenye ukingo wa rimu. Breki ikawa inapiga kelele kama nguruwe, lakini ilishika. Mimi nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Mabingwa wa Ulaya wenye baiskeli za bei ya pikipiki walikuwa wamefika palepale alipofika mjomba na akala yake.

Jambo lingine walilofanya litakuwa na maana baadaye: walimwaga mafuta ya kampuni na kuweka maji. Maji ni mepesi kuliko mafuta, kwa hivyo mkono unarudi haraka zaidi. Tatizo lao lilikuwa baridi, maji yasije yakaganda, wakachanganya na ile dawa ya rejeta ya gari.

Hizi breki zilifikaje hapa? Si kwa mchezo. Mchezo wenyewe tuliuona kwenye simu, kama wengine, baada ya Danny MacAskill kurekodiwa mwaka 2009 akiruka kuta za Edinburgh. Yeye na Hans Rey, mkongwe wa trayali, wamewahi kufika Afrika Mashariki pia. Mwaka 2016 walipanda Mlima Kenya na Kilimanjaro na baiskeli zao. Lakini breki zenyewe zilikuja kimyakimya ndani ya kontena, zikiwa kwenye baiskeli za mtumba ambazo mzee fulani wa Ujerumani alichoka nazo.

Na zilikuja wakati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Nakuru ilikuwa mji wa boda boda za baiskeli, kiti cha sponji kwenye keria, na kila kona ilikuwa na fundi. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, na ndani ya miaka michache baiskeli ikawa chombo cha watoto na cha kubebea mkaa. Mafundi wazuri wakahamia pikipiki. Waliobaki walibaki kwa sababu ya umri, au ukaidi.

Nilipoacha chuo nilikaa miezi kadhaa kwenye kibanda cha mmoja wa hao wakaidi, upande wa Bondeni. Sikuwa mwanafunzi wake rasmi, nilikuwa mtu wa kushika spana na kutumwa chai. Nyuma ya kibanda kulikuwa na debe la vyuma vya kuuza kwa kilo, na humo ndimo nilipoona kiparafujo chekundu kwa mara ya kwanza. Nikakitoa. Mpira wake ulikuwa umekatwa kwa kisu.

"Hiyo ni ya nini, mzee?"

"Ni breki ya mafuta. Takataka. Ikiisha mafuta utaenda kumwambia nani?"

Watu wanaoandika kuhusu ufundi wa jua kali hupenda kusema fundi anaweza kutengeneza chochote. Si kweli, na huko si kumheshimu. Fundi anatengeneza kile anachoweza kupata vipuri vyake kabla ya saa kumi jioni, maana mwenye baiskeli anaihitaji kesho. Ile breki ilikuwa imefungwa kwenye vishikizo vilevile vya breki ya waya. Kwa hivyo unakata mpira, unafungua, unafunga breki ya waya ya shilingi mia chache, mteja anaondoka. Dakika 20. Kwa akili ya siku moja, mzee alikuwa sahihi kabisa.

Wale waliojaribu kuziokoa ndio waliozimaliza haraka zaidi. Pikipiki na magari yametufundisha kwamba breki ya haidroliki huwekwa brake fluid, ile ya chupa inayouzwa kila duka la spea. Lakini breki hizi za Wajerumani zimetengenezwa kwa mafuta ya madini. Ukiweka ile ya gari, mipira midogo inayoziba ndani inavimba na kulainika. Inashika wiki ya kwanza, mteja anafurahi, anakusifu kwa majirani. Kisha siku moja mkono unabaki umelala kwenye hando na hakuna kilichotokea kwenye gurudumu. Ukiwa Kenyatta Avenue ni aibu tu. Ukiwa unashuka kutoka Milimani una tatizo. Ukiwa Subukia na mzigo, basi.

Hapo ndipo nilipokumbuka maji ya wale wachezaji. Nakuru kuna baridi ya Julai, lakini maji hayagandi ndani ya mpira wa breki. Hata ile dawa ya rejeta hatuihitaji kwa sababu ya baridi, ila inasaidia kuzuia kutu. Nilipata breki mbili zilizokuwa hazijakatwa, nikanunua sindano mbili za plastiki kwa chemist, nikaweka moja kwenye silinda ya chini na nyingine kwenye mkono, nikasukuma maji polepole kutoka chini kwenda juu mpaka mapovu yakaisha. Mzee alikuwa ameketi kwenye tairi akinitazama kama mtu anayetazama mtoto akicheza na matope.

Mkono ukawa mgumu kama jiwe. Alisimama, akaivuta mwenyewe mara tatu, akalisukuma gurudumu kwa goti. Halikusogea.

"Maji haya ya mfereji?"

"Ya mfereji, mzee."

"Na mipira ikiisha?"

Hilo ndilo swali, na alikuwa amelifikia haraka kuliko mimi. Mipira ya breki hizi haifungwi kwa nati, inabanwa kwenye kichwa cha pistoni mpaka ilie klik, na dukani kwetu haipo. Tulikata kipande cha tairi la gari, tukakigundisha kwenye plastiki ya mpira wa zamani baada ya kuukwangua wote. Cha kwanza kilibanduka siku ya pili. Cha pili tulikwaruza plastiki kwa msasa kwanza, tukakiacha usiku kucha kwenye jiliwa, na hicho kimekaa.

Baiskeli hiyo sasa inabeba mikate kutoka mjini kwenda Free Area kila alfajiri. Ni mwendo wa tambarare, kwa hivyo haijathibitisha mengi. Mjomba anataka yake ifungwe hiyohiyo kabla ya mvua za Machi, na mimi nimemwambia angoje nipate seti nyingine ambayo haijakutana na kisu. Mzee ameacha kuzitupa kwenye debe. Anazitundika kwenye msumari, akiniuzia kila moja kwa bei ya chuma cha kilo, pamoja na hamsini ya juu.