Schiller Bila Sauti

Mwaka 1923, Ujerumani ikielemewa na mfumuko wa bei, Curt Goetz aliongoza filamu bubu kuhusu ujana wa Friedrich Schiller. Mshairi, ambaye mtaji wake ni sauti, anaelezwa humo kwa macho, kwa mikono na kwa maandishi machache ya kwenye skrini. Theodor Loos, aliyemwigiza kijana huyo, alikuwa akikaribia miaka 40, hilo linasameheka.

Kisa chenyewe hakikuhitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1773, akiwa na miaka 13, Schiller alitiwa katika shule ya kijeshi ya Karl Eugen, mtawala wa Württemberg. Alifundishwa sheria, kisha udaktari. Kwa siri akaandika Die Räuber, tamthilia ya kijana anayeongoza genge la wanyang'anyi. Ilipochezwa Mannheim tarehe 13 Januari 1782, mwandishi, sasa daktari wa jeshi, alikwenda kuitazama bila ruhusa. Aliporudia kosa alifungwa siku 14, kisha akakatazwa kuandika lolote lisilohusu tiba. Septemba mwaka huo alitoroka Stuttgart usiku pamoja na Andreas Streicher, mwanamuziki. Hofu yake haikuwa ya bure: mshairi Schubart alikuwa kifungoni Hohenasperg tangu 1777 bila kuhukumiwa.

Filamu bubu ilivuka mipaka kwa wepesi, kwani ilitosha kubadili maandishi yake. Toronto bado inalo jumba la Elgin na Winter Garden, Yonge Street, lililofunguliwa 1913 kwa maigizo mafupi na filamu za aina hiyo. Lakini Mswahili wa Toronto akiitazama kazi ya Goetz, huenda mawazo yakamhamisha hadi Mombasa.

Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka 22 alipokamatwa mwishoni mwa 1968 kwa waraka wake, Kenya: Twendapi? Yeye hakupata usiku wa kutoroka. Alitumikia kifungo hadi 1972, akiandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Ndiyo yaliyokuwa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Schiller alikatazwa kalamu akakimbia nayo. Abdilatif aliificha mlemle gerezani, na pengine hilo ndilo gumu zaidi kulionyesha kwa picha.

Baadaye Abdilatif alifundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Gohlis, kijiji alikoishi Schiller kiangazi cha 1785, leo ni mtaa wa jiji hilo.