Scrooge na Shilingi 15 kwa Wiki

Kila ifikapo Desemba, ukumbi wa Guthrie mjini Minneapolis huonyesha A Christmas Carol ya Charles Dickens. Ulianza mwaka 1975. Kutoka Eagan si mbali, na baadhi yetu tuliwahi kupelekwa na shule. Hadithi mnaijua: Ebenezer Scrooge, mzee mwenye mkono wa birika, anatembelewa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi, na asubuhi anaamka mtu mwingine.

Katika kikao cha klabu tulibishana: tumwite bahili au bepari? Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu wafanyabiashara wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Bahili ni tabia ya mtu. Bepari ni nafasi aliyonayo katika uchumi, na hiyo Scrooge haiachi hata baada ya kuongoka.

Tukarudi mwaka 1843. Dickens aliujua umaskini kwa mikono yake: mwaka 1824 baba yake alifungwa kwa sababu ya madeni, naye, mtoto wa miaka 12, akawa anabandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Sasa, akiwa mwandishi maarufu, alisoma ripoti ya serikali kuhusu ajira ya watoto. Alikusudia kuandika kijitabu cha hoja, kisha akaghairi. Aliamini hadithi ingepiga kwa nguvu zaidi. Ikatoka Desemba 19, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi.

Scrooge wa mwanzo, anayewauliza wachangishaji kama magereza hayapo, hakuvunja sheria yoyote. Sheria ya mwaka 1834 ilitaka maskini wapelekwe kwenye nyumba za kazi ngumu ndipo walishwe. Ubahili wake ulikuwa pia sera ya nchi.

Lakini kuna hesabu iliyotushangaza. Karani wake, Bob Cratchit, analipwa shilingi 15 kwa wiki (shilingi hiyohiyo ya Waingereza iliyotuachia jina la pesa zetu). Kitabu kiliuzwa shilingi 5, yaani theluthi moja ya mshahara huo. Bob asingeweza kukinunua. Kwa maoni yetu, Dickens alikuwa anazungumza na waajiri, na pengine ndiyo maana Bob hadai kitu. Anatetemeka kwa baridi, hathubutu kuongeza makaa, anangoja bosi aguswe moyo. Hapo ndipo wengine wetu, watoto wa wazazi wanaofanya kazi za zamu, tuliposhindwa kuvumilia.

Desemba 14, 2018, huko Shakopee, magharibi ya Eagan, wafanyakazi wa ghala kubwa la bidhaa, wengi wao Wasomali, waliandamana kwenye baridi katikati ya msimu wa zawadi. Walitaka kasi ya kazi ipunguzwe na nafasi ya kuswali iheshimiwe. Hawakungoja mizuka. Mwenzetu mmoja alipinga ulinganisho huu, akasema bila hadithi kama ya Dickens umma usingejali mfanyakazi akidai. Bado hatujakubaliana naye, wala hatujaweza kumjibu vizuri.

Tulirudi kwenye kurasa za mwisho kutafuta jambo moja. Scrooge anamwahidi Bob nyongeza, anamwamuru aongeze makaa motoni. Nyongeza ya shilingi ngapi, Dickens hasemi.