Mto Ulioipa Bahari Mgongo

Mito mingi huishia baharini. Mto Mojave wa California huipa bahari mgongo. Unatoka milima ya San Bernardino, unaingia jangwani, na sehemu kubwa ya safari yake hupita chini ya mchanga. Ukifika leo, mara nyingi utaona changarawe tupu. Lakini enzi ya barafu mvua na theluji zilikuwa nyingi, na mto huu ukajaza Ziwa Manix. Yapata miaka 25,000 iliyopita ziwa lilivunja ukingo, maji yakachonga korongo la Afton na kujaza Ziwa Mojave huko mbele.

Sasa Kenya inaingia wapi? Hapo Calico, kando ya Ziwa Manix la kale, Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alianza kusimamia uchimbaji mwaka 1964. Aliamini mawe yaliyotoka pale ni zana za watu wa kale kuliko wote waliojulikana Marekani. Mkewe, Mary, alikataa. Mwaka 1970 wataalamu walialikwa wajionee, na wengi hawakuridhika: mawe yanaweza kuvunjika yenyewe yakigongana mtoni. Leakey alifariki 1972, bado akiamini.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nikiuliza swali la historia, watu huniuliza kwanza shahada iko wapi. Basi huwaambia habari za Mary. Shahada zake zote zilikuwa za heshima; hakuna hata moja aliyoisomea. Na kuhusu Calico, wanasayansi wengi hadi leo wako upande wake.