Tarehe ya Zad al-Rakib na Farasi wa Sayyid Said

Hii ndiyo habari ya farasi aitwaye Zad al-Rakib na uzao wake, tangu enzi za Nabii Suleiman hadi Mtoni, jumba la Sayyid Said kisiwani Unguja, na kutoka Unguja hadi kwa Wamarekani. Nimeiandika kwa kuwa maneno yamekuwa mengi. Wako wasemao kwamba wale farasi wawili ambao Sayyid Said aliwapeleka kwa Wamarekani mwaka 1840 walikuwa wa Maskati, Unguja walipita tu. Wako wasemao ni wa Najd, na farasi wa Najd hana deni kwa watu wa pwani. Mimi nasema walikuwa farasi wa Unguja, na atakayesoma hadi mwisho ataona kwa nini.

Wazee wa Kiarabu walipokezana, na Hisham bin al-Kalbi wa Kufa, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, akaandika katika kitabu chake cha nasaba za farasi, kwamba watu wa Azd wa Omani walikwenda kwa Nabii Suleiman baada ya kumuoa Bilqis, malkia wa Sabaa. Walimuuliza mambo ya dini na dunia, akawajibu. Walipotaka kurudi kwao wakamwambia: nchi yetu ni ya mbali na chakula kimetuishia, basi tupe cha njiani. Nabii Suleiman akawatolea farasi mmoja katika farasi aliowarithi kwa baba yake, Nabii Daud. Akawaambia wakipiga kambi wampandishe mtu juu yake, wampe mkuki, kisha wakusanye kuni; kabla moto haujashika, mpanda farasi atakuwa amerudi na nyama. Wakafanya hivyo. Hakuna paa wala punda mwitu aliyemtangulia farasi yule, na msafara mzima ulikula na kushiba hadi Omani. Ndipo wakamwita Zad al-Rakib, yaani chakula cha msafiri.

Huyo ndiye farasi wa kwanza kuenea kwa Waarabu, na ninaomba jambo hili lishikwe vizuri: hakuanzia Najd wala Shamu, alianzia mikononi mwa Azd wa Omani. Banu Taghlib waliposikia sifa zake wakaja kuomba mbegu, akazaliwa al-Hujays, naye akampita baba yake kwa mbio. Bakr bin Wail wakaja kwa Taghlib, akapatikana al-Dinari, naye akampita al-Hujays. Katika damu hiyo wanamtaja pia A'waj, aliyejaza Uarabuni watoto na wajukuu. Zile koo tano zinazosifiwa siku hizi, Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani na Hadban, zilikuja baadaye, na zina wasimulizi wao.

Nisimame hapa kidogo, maana lipo neno linaloniudhi. Husemwa kwamba mbio za farasi ni mchezo wa Wazungu, uliotufikia pamoja na viwanja vyao na kofia zao. Si kweli hata kidogo. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina: walioandaliwa kwa mbio walianzia al-Hafya hadi Thaniyat al-Wadaa, na wasioandaliwa wakapewa masafa mafupi, hadi msikiti wa Bani Zurayq. Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana siku hiyo. Wanazuoni wakaziandikia mbio sheria zake, zawadi ipi ni halali na ipi ni kamari. Waingereza walipotaka farasi wa mbio walikuja kuwatafuta kwetu. Mwaka 1704 Thomas Darley alimtoa farasi dume Halab akampeleka Yorkshire, na kitukuu cha mtoto wa farasi huyo ni Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764, akashindana mara 18 na hakushindwa hata mara moja. Wenzake wawili wa yule farasi wa Darley katika kuanzisha uzao huo walikuwa Byerley Turk na Godolphin Arabian. Daftari la nasaba Waingereza walianza kulichapa mwaka 1791, ndio mwaka aliozaliwa Sayyid Said bin Sultan. Mungu hupanga.

Nirudi kwa Azd. Waliingia Omani na Malik bin Fahm, na Al Busaid wanajinasibisha nao. Imam Ahmad bin Said wa ukoo huo aliwatoa Waajemi na kuisimamisha dola. Farasi walikuwa bidhaa ya pwani ile tangu zamani. Marco Polo aliwataja wa Qalhat, na Ibn Battuta akawataja wa Dhofar, wote wakivushwa kwenda Bara Hindi. Sayyid Said, wa ukoo huohuo, alishika utawala mwaka 1806, akafika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na kisiwa kikamvuta hadi akakifanya makao yake. Hakuja na majeshi peke yake. Alikuja na farasi.

Mtoni palikuwa na maisha ambayo kwa ayaonaye leo magofu yale, karibu na matangi ya mafuta, ni vigumu kuyaamini. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, ameyaeleza katika kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1886. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Watoto wa Sayyid walifundishwa kupanda wangali wadogo, wa kiume na wa kike pia. Aliyeiva alipewa mnyama wake: wavulana farasi kutoka mabanda ya baba yao, wasichana punda weupe wa Maskati, ambao bei yao iliwazidi farasi wa kawaida. Bibi Salme alipohamia Beit al-Watoro kwa kaka yake Majid alifundishwa hapo kupiga shabaha, kucheza upanga na kupanda farasi barabara. Nyumba ambayo binti zake wanafundwa hivi haikuwa ya kupitishia farasi tu. Palikuwa na masaisi, matandiko na wajuzi wa damu, na palikuwa na bwana aliyewapenda.

Sasa nifike kwenye mwaka 1840. Sayyid alikuwa amekwisha kutia saini mkataba na Wamarekani kwa mkono wa Edmund Roberts, mwezi wa Septemba 1833, na balozi wao mdogo, Richard Waters, alikuwa Unguja tangu 1837. Akaamua kumpelekea rais wao, Martin Van Buren, salamu za kifalme. Meli ilikuwa Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, na mkuu wa safari Ahmad bin Naaman. Iliondoka Unguja na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi, pamoja na tende na kahawa za kutoka Arabuni, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Ndani yake mlikuwa na lulu, shali za Kashmir, zulia la hariri, manukato ya waridi, upanga wa dhahabu, na farasi wawili wa damu ya Najd.

Kila asimuliaye safari hii humsimulia Ahmad bin Naaman. Baraza la jiji lilimwagiza mchoraji Edward Mooney amchore, na picha hiyo imemfanya ajulikane hadi leo. Simnyimi haki yake. Lakini farasi wanatajwa kwa neno moja katikati ya mazulia na lulu, nao ndio waliokuwa zawadi hasa. Lulu hununuliwa na kila mwenye fedha. Farasi wa asili hatolewi ila kwa mtu ambaye mtoaji amemhesabu kuwa mwenzake.

Na Wamarekani waliwafanya nini? Katiba yao inamkataza mtumishi wa serikali kupokea kitu kwa mfalme wa nchi nyingine pasipo idhini ya Bunge. Van Buren akaliuliza Bunge lake, na mwezi wa Julai Bunge likaamuru zawadi zisizoweza kuhifadhiwa ziuzwe, fedha ziingie hazina. Farasi wa Sayyid Said wakanadiwa. Nimesikia hoja kwamba sheria ni sheria, na kwamba wakati uleule walikuwa na tabu ya simba waliopewa na Sultani wa Moroko, hawajui wawaweke wapi. Simba sawa. Farasi ni habari nyingine. Walikuwepo watu wenye mashamba na mabanda katika nchi ile ambao wangewafuga kwa jina la dola na kuwaandikia nasaba, leo tungekuwa na wajukuu wa kuwaonyesha. Serikali iliitengeneza Sultana bila malipo na kumpelekea Sayyid bastola na bunduki za kisasa, na meli ikarudi Unguja mwezi wa Desemba. Hayo ni mema na ninayaandika. Mnada hauondoki kwa hayo.

Mwaka 1842 Sultana ilikwenda London na Ali bin Nasir, nako wakapelekwa farasi kwa Malkia Victoria. Malkia akajibu kwa gari la kifahari la kukokotwa na farasi, na Unguja wakati huo haikuwa na barabara ya kulipitisha.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856. Mwanawe Thuwaini akabaki na Maskati, Majid akarithi Unguja.

Uzao wa farasi wake haukudumu kisiwani, na sababu haikuwa uzembe wa masaisi. Kuna maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi, na Unguja ilikuwa na mbung'o, ambaye ugonjwa wake unaua farasi kama unavyoua ng'ombe. Damu ilihitaji kuongezwa kutoka Ghuba kwa majahazi ya kaskazi. Mbung'o aliondolewa juzi tu: madume yaliyohasiwa kwa mionzi yalikuzwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya misitu yetu, hadi mwaka 1997 kisiwa kikawa safi. Laiti Mtoni ingeipata neema hiyo enzi za Sayyid.

Basi hukumu yangu ni hii. Damu ilianzia kwa Azd, Najd ikailea, Maskati ikawa mlango. Lakini mwenye farasi alikuwa na makao yake Unguja, meli iliiaga Afrika katika bandari ya Unguja, na ni Unguja iliyosubiri majibu. Waitwe farasi wa Unguja. Na mwenye barua ya zamani, hati ya nasaba au daftari la banda katika sanduku la babu yake, Malindi, Shangani au shamba, asiliache lianguke mikononi mwa mchwa. Alipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, likasomwe na kuandikishwa.